Daraja Bila Daftari: Barua ya Wazi kwa TARURA

Kwa:
Mtendaji Mkuu,
Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA),
Dodoma.

YAH: OMBI LA KILA DARAJA LA MAWE KUWA NA DAFTARI LAKE

Ndugu Mtendaji Mkuu,



Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nimelala chali juu ya jukwaa la mabomba, chini ya daraja la mawe kaskazini mwa Uingereza, taa kichwani, mto ukipita kwa kelele chini ya mgongo wangu. Lilikuwa daraja la tao moja, lenye umri wa karibu miaka 200, na malori ya maziwa yalilipita kila asubuhi. Nilikuwa nimetumwa kujibu swali moja: lori la uzito gani liruhusiwe? Ili nijibu nilihitaji kujua jambo ambalo fundi aliyelijenga alilijua bila hata kufikiri, yaani unene wa tao. Ubavuni mawe yalionekana kuwa na kimo cha sentimita 60. Lakini ubavuni ndiko fundi anakoweka mawe yake mazuri, yale ya kutazamwa na watu. Ndani kukoje? Mchoro haukuwepo. Mjukuu wa fundi wa kuulizwa hakuwepo. Tukachukua mashine tukatoboa jiwe. Ndani, unene ulikuwa sentimita 38.

Sentimita 22 zilizokosekana zilitugharimu siku mbili, mashine ya kukodi na barabara kufungwa. Fundi angeziandika kwa kalamu ya risasi kwa nusu dakika. Nazikumbuka kila ninapoona picha za madaraja ya mawe mnayoyajenga Kigoma na mikoa mingine, vijana wakiwa wamesimama juu ya tao jipya, fomu za mbao bado ziko chini yake. Katika picha hizo kila kitu kinajulikana. Unene unaonekana kwa macho, msingi umefukiwa wiki chache tu zilizopita, na fundi yupo, amevaa kofia ya njano, anacheka. Miaka 80 ijayo atakuja mhandisi ambaye bado hajazaliwa, atalala chali chini ya daraja hilohilo na kuuliza swali nililouliza mimi. Nakuandikia leo kwa niaba yake.

Sikuandikii kulaumu. Najua mikataba ina michoro na michoro ina mihuri. Ila kila aliyewahi kusimama eneo la kazi anajua kwamba mchoro ni nia, na daraja ni kilichotokea. Mchoro ulisema msingi uwe mita moja na nusu, mwamba ukakutwa kwenye mita moja. Mchoro ulisema mawe yatoke machimbo fulani, mvua ikaikata njia, yakaletwa mengine. Mabadiliko hayo mara nyingi ni ya busara kabisa. Ninachoomba ni kwamba yaandikwe, yahifadhiwe mahali pawili, na yaendelee kuandikwa kila mwaka daraja likiwa hai. Wazee walishasema: mali bila daftari huisha bila habari.

Kwanza niseme kwa nini kazi yenu inastahili daftari. Tangu wakala wenu uanzishwe mwaka 2017 mmebeba mtandao wa barabara unaozidi kilomita 144,000, sehemu kubwa ikiwa ya vumbi, na mito isiyo na idadi inayoukatiza. Uganda ilitutangulia kurudi kwenye tao la mawe kwa ushirikiano na Ubelgiji, nasi tukaanzia Kigoma kwa msaada huohuo. Faida zake mmezieleza wenyewe: mawe yanapatikana karibu, fedha ya ujira inabaki kijijini, na gharama inashuka chini ya ile ya zege. Naongeza faida moja. Ndani ya tao la mawe hakuna nondo, kwa hiyo hakuna kutu ya kulila kutoka ndani. Daraja la Zhaozhou nchini China, lenye tao la takriban mita 37, lilikamilika mwanzoni mwa karne ya 7 na bado limesimama. Kwa hiyo mnajenga vitu vitakavyoishi kuliko faili zenu, kuliko kompyuta zenu, na pengine kuliko jina la wakala wenyewe.

Wahandisi wako wanayajua nitakayoeleza sasa. Nayaeleza kwa ajili ya diwani, mwenyekiti wa kijiji na dereva wa greda, maana barua ya wazi husomwa na wengi.

Tazama kamba ya kuanikia nguo uani. Ukiiachia ilegee inachora mkunjo, na ukitundika kanzu iliyolowa katikati, mkunjo unabadilika. Kamba haina uwezo wa kusukuma, inavuta tu, kwa hiyo inajichagulia yenyewe umbo la kubebea mzigo wake. Mwaka 1675 Mwingereza Robert Hooke aliificha siri ya umbo hilo katika herufi zilizovurugwa, na ufumbuzi wake ukachapishwa baada ya yeye kufa: pindua mnyororo unaoning'inia, nawe umepata tao linalosimama. Kilichokuwa kuvuta kinageuka kuwa kusukuma. Jiwe linamsukuma jirani yake, naye anamsukuma wa pili, hadi msukumo wote unafika kwenye maegemeo ya kingoni na kuingia ardhini. Ukiweza kuchora mstari huo wa msukumo bila kutoka nje ya unene wa mawe, tao litasimama. Mwaka 1966 Jacques Heyman wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliliweka jambo hili katika nadharia inayoeleweka: huhitaji kuujua mstari halisi ambao daraja limeuchagua, yatosha wewe kuupata mmoja unaokaa ndani. Ukiuona wewe, daraja nalo litauona.

Tofauti na zege iko hapo. Daraja la zege tunalihukumu kwa nguvu ya vitu vyake: saruji ya namna gani, nondo ngapi, za milimita ngapi. Daraja la mawe tunalihukumu kwanza kwa umbo. Katika madaraja ya kawaida jiwe hubanwa kwa sehemu ndogo tu ya uwezo wake, na ni nadra sana tao kuanguka kwa sababu mawe yamesagika. Huanguka kwa sababu mstari wa msukumo umefukuzwa nje ya unene wake. Mstari ukigusa ukingo wa juu, kiungo kinafunguka chini. Ukigusa ukingo wa chini, kinafunguka juu. Kila kiungo kilichofunguka hivyo ni bawaba. Tao lenye bawaba moja linasimama. Lenye mbili linasimama. Lenye tatu bado linasimama, na madaraja mengi ya zamani yamekaa hivyo miaka mingi baada ya egemeo moja kusogea kidogo. Ikija ya nne, tao linageuka mashine. Linakunjika kama mlango na kwenda mtoni. Mfaransa Couplet aliliona hilo tangu mwaka 1730.

Ndiyo maana ufa katika daraja la mawe una lugha yake. Methali inatuambia usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa nyumba ya matofali ni kweli. Kwa tao la mawe naomba kwanza usomwe. Uko wapi: kileleni, begani, au unakimbia sambamba na ukuta wa ubavuni? Umefunguka juu au chini? Ni wa mwaka huu au wa mwaka wa kwanza, fomu zilipoondolewa na tao likakaa? Ufa wa kileleni uliokaa bila kubadilika kwa miaka 30 ni kovu. Ufa wa unene huohuo uliozaliwa baada ya masika iliyopita huenda ni habari kwamba egemeo linahama. Kwa macho nyufa hizo hazitofautiani. Kinachozitofautisha ni daftari. Na yule atakayekuja na ndoo ya saruji kuuziba upesi, kwa nia njema, atakuwa ameifuta barua iliyoandikiwa mhandisi.

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe, maana huko ndiko ukosefu wa kumbukumbu unakouma.

Kutokana na majaribio aliyoyaanza Alfred Pippard miaka ya 1930, jeshi la Uingereza lilipata kanuni ya haraka ya kukisia kama daraja la tao litavumilia vifaru na magari mazito. Kanuni hiyo huitwa MEXE, na wakaguzi wameitumia kwa miongo mingi. Ni rahisi kiasi cha kuandikwa nyuma ya bahasha. Chukua unene wa tao kileleni kwa mita, ongeza kina cha kifusi kilicho juu yake. Jumla hiyo izidishe kwa yenyewe, kisha zidisha kwa 740. Gawanya kwa upana wa uwazi kutoka egemeo hadi egemeo, uliopandishwa kwa kipeo cha 1.3. Jibu ni tani zinazoweza kuwekwa kwenye ekseli, kabla ya kupunguzwa kwa ajili ya umbo, aina ya mawe, hali ya viungo na nyufa. Ina mipaka yake: haivuki uwazi wa mita 18, na kwa matao mafupi imeonekana kuwa na matumaini kupita kiasi. Lakini inafundisha.

Tuifanye kwa daraja dogo la kijijini. Uwazi mita 5, tao sentimita 35, kifusi sentimita 30. Jumla ni 0.65, na jibu ni takriban tani 39. Sasa greda limepita misimu mitatu, kila mara likikwangua kidogo pale juu ya daraja ili barabara iwe sawa, na kifusi kimebaki sentimita 20. Jumla ni 0.55. Jibu linashuka hadi tani 28 hivi. Hakuna jiwe lililopasuka, hakuna fundi aliyekosea, hakuna lori lililozidisha mzigo, na bado, kwa kanuni ile, zaidi ya robo ya uwezo imekwenda na kisu cha greda. Kifusi kinatawanya uzito wa gurudumu kabla haujafika kwenye mawe, na kwa uzito wake chenyewe kinalibana tao lisiyumbe. Dereva hawezi kuyajua haya. Kwake pale ni kilima kidogo kinachorusha magari, na ni haki yake kukisawazisha, isipokuwa pawepo alama na mtu wa kumwambia.

Jumla ya tao na kifusi mkaguzi anaweza kuipima kutoka nje, juu hadi chini. Mgawanyo wake hawezi. Ni sentimita 35 za jiwe na 30 za udongo, au kinyume chake? Wala hawezi kuona mabegani, nyuma ya tao, kama mafundi walijenga mawe imara kupanda hadi nusu ya kimo au walimwaga kifusi tu. Mawe yale ya mabegani ni nusu ya siri ya daraja, kwani huzuia tao lisifunguke kwenda nje. Lakini uzito nao una kiasi chake. Katika Wales, mwashi William Edwards alijenga daraja la Pontypridd na likamwangukia zaidi ya mara moja. Mafuriko yalilichukua, na baadaye mabega mazito yakakisukuma kilele juu hadi likavunjika. Mwaka 1756 alimaliza lililosimama hadi leo, uwazi wa futi 140, takriban mita 43, akiwa ameyatoboa mabega kwa matundu ya mviringo, matatu kila upande, ili kupunguza uzito. Wachina wa Zhaozhou waliacha mabega wazi zaidi ya miaka elfu moja kabla yake. Kwa Pontypridd matundu yanaonekana, mtalii yeyote anaweza kuyahesabu. Kwa daraja lenu lililofukiwa vizuri, kilichomo mabegani kinajulikana siku chache tu, kati ya jiwe la mwisho na lori la kwanza la kifusi.

Kama kuna anayedhani tofauti hizi ni za kitaalamu mno, atazame zinavyobadili uwezo wa daraja. Miaka ya 1980 maabara ya serikali ya Uingereza ya utafiti wa barabara iliyachukua madaraja kadhaa ya zamani yasiyotumika tena na kuyapakia mzigo hadi yakaanguka. Huko Bargower, Scotland, tao la mawe lenye uwazi wa mita 10 na kidogo lilivumilia mzigo wa takriban tani 570 uliopangwa kukatiza upana wa daraja. Huko Prestwood, England, tao la matofali lenye uwazi wa mita 6 na nusu lilianguka kwa takriban tani 23. Fupi lilibeba sehemu moja ya ishirini na tano ya lile refu. Tao la Prestwood lilikuwa jembamba, sentimita 22, na umbo lake lilikwisha kupinda. La Bargower lilikuwa nene zaidi ya mara mbili na lina kifusi kirefu juu yake. Mpita njia angeyaona yote mawili kuwa madaraja ya zamani tu, tena lile fupi huenda angeliamini zaidi.

Ndugu Mtendaji Mkuu, utakuwa umegundua kwamba katika kanuni ile ya bahasha hamna neno hata moja juu ya msingi wala juu ya maji. Na maji ndiyo muuaji mkuu. Novemba 2009 mvua kubwa ilinyesha kaskazini magharibi mwa England. Kituo kimoja cha hali ya hewa kilipima zaidi ya milimita 316 ndani ya saa 24. Daraja la mawe la Northside katika mji wa Workington liliporomoka alfajiri na kumchukua askari polisi aliyekuwa analinda watu wasilikaribie. Desemba 2015 mafuriko yaliondoa Pooley Bridge, lililojengwa mwaka 1764, na siku chache kabla ya mwaka mpya sehemu ya daraja la Tadcaster ikaanguka mtoni. Madaraja hayo hayakuzidiwa na malori. Mto ukijaa huchimba kitanda chake chini ya msingi kama mbwa anayetafuta mfupa, na egemeo likikosa pa kukanyaga, umbo zuri kuliko yote duniani halisaidii.

Sisi wa nchi ya masika na vuli hatuhitaji kufundishwa mafuriko. Tumeona ya El Niño ya 1997 na 1998, na Mei 2024 tuliona kimbunga Hidaya kikiikata barabara ya kusini pale Somanga. Kwa kila tao la mawe, swali la kwanza baada ya mvua ya namna hiyo ni kina cha shimo lililochimbwa kando ya msingi, likilinganishwa na kina cha msingi wenyewe. Shimo unaweza kulipima kwa fimbo ndefu na kijana mwenye ujasiri, maji yakishapungua. Kina cha msingi unaweza kukijua kwa njia mbili tu: kuchimba, na hapo unalidhoofisha unalotaka kuliokoa, au kusoma palipoandikwa.

Asiyejua huogopa, na woga nao una bei. Mwaka 2021, huko Great Musgrave katika kaunti ya Cumbria, wakala wa barabara kuu za England ulijaza mawe na zege chini ya daraja la tao la reli ya zamani, lililojengwa katika karne ya 19, kwa hoja ya kuzuia hatari ya kuanguka. Wananchi na wahandisi walipinga, wakisema daraja lilihitaji matengenezo ya kawaida tu. Mwaka 2022 halmashauri ilikataa kuhalalisha kazi hiyo, na mwaka 2023 wakala uleule ukalazimika kuzoa kila ulichokimwaga. Walilipa kujaza, wakalipa zaidi kufukua, na daraja lingali palepale. Halmashauri zetu hazina fedha ya kulipa mara mbili.

Kwa hiyo naomba nini hasa? Daftari gumu, la kurasa zisizopungua 100, moja kwa kila daraja la mawe, lenye namba ileile iliyochongwa kwenye jiwe la daraja pamoja na mwaka. Kurasa za mwanzo zijazwe na fundi mkuu na mhandisi wa wilaya kabla ya kifusi kumwagwa, nazo ziwe na haya:

1. Umbo. Uwazi, kimo cha tao kileleni, na kimo kwenye robo ya kwanza na robo ya mwisho. Robo hizo ndizo zinazoonyesha kama tao limepinda upande. Pia kilele kilishuka milimita ngapi siku fomu zilipoondolewa.

2. Unene wa tao kileleni na linapoanzia, upimwe ndani, siyo kwenye mawe ya ubavuni.

3. Mabegani. Mawe yaliyojengwa nyuma ya tao yamepanda hadi kimo gani, na kifusi kilichofuata ni changarawe, mchanga au mfinyanzi.

4. Msingi. Kina chake kutoka kitanda cha mto siku hiyo, na umekaa juu ya nini: mwamba, changarawe au udongo.

5. Mawe yalitoka wapi, na saruji ilichanganywa na mchanga kwa kipimo gani.

6. Picha, fimbo ya kupimia ikionekana ndani ya kila moja.

7. Majina ya mafundi waashi wote.

Kurasa zilizobaki ni za miaka ijayo, ukurasa mmoja kila baada ya masika. Kina cha mto kando ya kila egemeo. Kina cha kifusi kileleni, kikipimwa kutoka kwenye alama ya chuma iliyofungwa ukutani. Nyufa zote, mahali zilipo na upana wake, na kwenye kila ufa unaotiliwa shaka kibandikwe kipande cha kioo. Kikipasuka, ufa unatembea. Mimea iliyoota viungoni nayo itajwe, hasa mkuyu, ambao ukiwa mche unang'olewa kwa vidole viwili na ukiwa mti unahitaji kamati. Kazi yote hii ni ya nusu siku, na kijana aliyemaliza kidato cha nne anaweza kuifundishwa na kuifanya vizuri. Mhandisi aje pale tu ukurasa wa mwaka huu unapotofautiana na wa mwaka jana.

Nakala moja ikae ofisi yenu ya wilaya, na moja ofisi ya kijiji. Nasikia mtu akisema tuna mfumo wa kompyuta. Vizuri, ziingizwe humo pia. Lakini mifumo hubadilishwa, nywila husahaulika, mkandarasi wa programu humaliza mkataba wake. Karatasi ya kijijini inataka sanduku lisiloingia mchwa na mwenyekiti anayekabidhi kwa saini. Mwenyekiti huyo ana sababu ya kulitunza, maana daraja likienda ni mazao yake yatakayooza ng'ambo ya mto.

Nasikia na mwingine: wahandisi wa wilaya wana kazi nyingi, mnawaongezea karatasi. Ni kweli wana kazi nyingi. Ila kujaza kurasa za mwanzo siku tao likiwa wazi ni kazi ya mchana mmoja. Kuzitafuta habari hizohizo baada ya miaka 80 ni kutoboa, kupiga mitambo ya kuona ndani ya ukuta, kufunga barabara, na mwishoni kukisia. Nimekuwa mlipwaji wa makisio hayo. Yalinipa mkate, na bado ninasema ni fedha ambayo ingefaa kununua kitu kingine.

Baba yangu alikuwa fundi mwashi huko Kasulu. Alikuwa na kamba, timazi, pima maji na nyundo ambayo mpini wake aliubadilisha mara nyingi kuliko ninavyokumbuka. Alijua kwa kugonga jiwe kama lina ufa ndani. Misingi aliyoijenga inabeba majengo hadi leo, na mwaka mmoja baada ya kumzika walinifuata watu waliotaka kuongeza ghorofa juu ya mojawapo. Waliniuliza alichimba kwenda chini kiasi gani. Mimi ni mhandisi, na ni mwanawe, na sikuwa na jibu. Tulichimba shimo kando ya ukuta. Alikuwa amekwenda chini zaidi ya nilivyokisia, hadi kwenye mwamba, na hakumwambia mtu.

Ndiyo maana nimeliweka jina la fundi katika orodha, namba ya 7. Atakayeandika jina lake chini ya kipimo atakipima mara mbili. Na yule kijana asiyezaliwa, akiwa amelala chali na taa kichwani, atakuwa na mtu wa kumuuliza.



Wako katika ujenzi wa taifa,

Mhandisi wa madaraja,
mzaliwa wa Kasulu.

Nakala kwa:
Wahandisi wa TARURA wa wilaya zote.
Wenyeviti wa vijiji vyenye madaraja ya mawe.
Madereva wa magreda.
Mafundi waashi: msisubiri agizo kutoka Dodoma. Kalamu ya risasi na kipimo mnavyo.